Shajara ya mradi: kupima tope la mdomo wa Msimbazi kwa kutumia samaki

15 Juni 2024: Tunachokitafuta

Mto Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu, unapita Vingunguti, Tabata na Kigogo, unatanuka Jangwani, kisha unaingia baharini kwenye mikoko ya Daraja la Selander. Anayeishi Dar es Salaam hahitaji kuelezwa unabeba nini. Maji machafu ya majumbani, machinjioni, gereji na viwandani huishia humo, na yakikutana na maji chumvi, zile chembe laini hugandana na kuzama. Kwa hiyo ukitaka kujua risasi, zinki, shaba na kromi zimekwenda wapi, usiangalie maji yanayopita. Angalia tope.

Tope hili limeshapimwa na wengine, pamoja na la mikoko ya Mtoni, Kunduchi na Mbweni. Tatizo ni kwamba miligramu kwa kilo haziambii mtu kitu kuhusu kiumbe anayeishi humo. Kwenye tope jeusi lisilo na hewa, salfaidi, yaani misombo ya salfa, hushika metali zikawa hazina madhara makubwa. Tope hilo hilo likichimbuliwa na kupigwa na hewa, zinaachiliwa. Na kuchimbua kunakuja: mradi wa kuendeleza bonde la Msimbazi, uliopitishiwa fedha na Benki ya Dunia mwaka 2022, unahusisha kuchimba sehemu ya chini ya mto. Sisi tunataka kujua kiasi gani cha kilichomo kinaweza kuingia kwenye mwili wa samaki.

Tunakwenda kwa njia mbili. Ya kwanza ni matangi: vifaranga vya samaki wakae siku 28 juu ya tope la Msimbazi, wengine juu ya tope la mahali pasafi zaidi, kisha tulinganishe damu, ini na nyama. Ya pili ni samaki wa hapo hapo, wale wadogo wanaorukaruka juu ya matope ya mikoko, macho yao yamesimama juu ya kichwa. Kitaalamu ni Periophthalmus. Humu tutawaita waruka-tope. Kuna kazi ya kisayansi iliyochapishwa mwaka 2006 iliyoripoti waruka-tope wenye kasoro za mapezi, na hata wasio na jicho la upande mmoja, kwenye mikoko iliyochafuka ya Dar es Salaam. Hilo ndilo lililotufanya tuwachague.

26 Juni 2024: Vifaa

Barua za utafiti na za serikali za mitaa zimepatikana. Hatua hii haina la kusimulia, ila anza mapema, maana mwenyekiti wa mtaa hayupo ofisini kila siku.

Matangi ni ya kioo, lita 40 kila moja, yametengenezwa na fundi wa vioo kwa bei ya chini karibu nusu ya yale ya dukani. Mwambie fundi atumie silikoni isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, maana hiyo dawa inaua samaki. Tulipotaka kuona chupa alishangaa, lakini akakubali. Kilichokula fedha ni refraktomita ya kupimia chumvi na vifurushi vya kupimia amonia. Ndoo zenye mifuniko, glovu ndefu na mabuti ya mvua ni vitu vya Kariakoo. Mabuti usiyafanyie ubahili: tope la Selander lina vioo na sindano.

Kila chombo kitakachogusa sampuli ya metali kimelala usiku kucha kwenye asidi ya naitriki ya asilimia 10, kisha kikasuuzwa kwa maji yaliyochujwa. Ndoo mpya nazo zimepitia humo, kwa sababu rangi ya plastiki yenyewe inaweza kuwa na metali.

8 Julai 2024: Tope la kwanza, na mchanga wa Kunduchi

Tumechota wakati wa bamvua, bahari inapopwa mbali. Bamvua la hapa maji hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi, kwa hiyo kuna muda wa kutosha wa kuingia na kutoka kabla hayajarudi. Wakati wa maji mafu, bahari ikipwa kidogo tu, hufiki mahali panapofaa.

Tope la kulinganishia lilitoka ukingo wa mikoko ya Kunduchi, na limetupwa. Lilipopita kwenye chujio la mikromita 63, sehemu kubwa ilibaki juu: mchanga. La Msimbazi lilipita karibu lote. Metali hung'ang'ania chembe laini na mabaki ya majani yaliyooza, mchanga haushiki kitu. Ukilinganisha tope laini na mchanga, utapata tofauti kubwa ya kupendeza kwenye jedwali, nayo itakuwa tofauti ya udongo tu. Samaki pia wanaishi tofauti juu ya mchanga na juu ya matope.

Kwa hiyo kabla ya kubeba ndoo nzito, chukua kiganja kimoja, pitisha kwenye chujio hapo hapo ufukweni, halafu ndiyo uamue.

23 Julai 2024: Ras Dege, na namna ya kuhifadhi

Tope jipya la kulinganishia linatoka hori la mikoko la Ras Dege, kusini ya Kigamboni. Ni laini, lina majani yaliyooza ya kutosha, na hakuna mto wa mjini unaoingia humo. Tumelichoma kidogo kwenye tanuri la nyuzi 550 kwa saa nne ili kupata kiasi cha mabaki ya mimea kwa kupungua kwa uzito, nalo linakaribiana na la Msimbazi vya kutosha.

Jambo lililotusumbua ni uhifadhi. Ndoo za mwanzo za Msimbazi zilijazwa robo tatu, zikafunikwa, zikasafirishwa kwenye bajaji. Zilipofunguliwa, tope la juu lilikuwa limegeuka kutoka jeusi kuwa la kahawia, lile rangi ya kutu. Maana yake hewa iliyobaki ndani ya ndoo, pamoja na mtikisiko wa barabara, ilishaanza kuvunja salfaidi. Tope hilo si lile tulilolichota tena. Sasa tunajaza hadi ukingoni, tunafunika plastiki laini juu ya tope lenyewe kabla ya mfuniko, na ndoo zinakaa kwenye nyuzi 4. Usiligandishe. Lisikae zaidi ya wiki mbili. Kaa, konokono na vijiti vinaondolewa kwa mkono. Usilioshe kwa maji, utaondoa chembe zile zile unazozitafuta.

9 Agosti 2024: Vifaranga wamekufa

Tulinunua vifaranga vya sato kwa mfugaji. Sato wa Mto Nile havumilii maji ya bahari moja kwa moja, kwa hiyo chumvi ilipandishwa kidogo kidogo, gramu 5 kwa lita kila baada ya siku mbili, hadi 15. Hapo walikula vizuri na kuogelea vizuri. Anayeweza kupata perege wa Rufiji atapata nafuu, wao wanastahimili hata maji ya bahari yenyewe.

Kwenye matangi ya Ras Dege hawakupata shida. Kwenye matangi ya Msimbazi, siku ya pili walikuwa juu wakitwetea, mashavu yakipanuka na kufumba haraka, na siku ya tatu karibu wote walikuwa wamekufa.

Mtu wa haraka angeandika hapo kwamba tope la Msimbazi ni sumu, akafunga daftari. Kipimo cha amonia kikatoa kijani kilichokolea kuliko rangi zote za kwenye kadi. Tope lenye kinyesi na damu ya machinjioni, likikorogwa, linatoa amonia nyingi, na pH, yaani kipimo cha asidi na besi, ya maji ya chumvi ni karibu 8. Hapo ndipo penye hatari: kwenye pH 7 amonia iliyo katika umbo linalopenya mashavu ya samaki haifiki asilimia 1 ya yote, kwenye pH 8 na joto la nyuzi 28 inafika kati ya asilimia 5 na 7. Vifaranga hawa waliuawa na amonia, na pengine na upungufu wa oksijeni juu yake. Kuhusu risasi na kromi hawajatuambia lolote.

Na hapa ndipo kazi yote ilipo kwa maoni yangu. Samaki ni kipimo kizuri kwa sababu anajibu kwa mwili mzima, lakini hachagui swali. Anajibu chumvi, anajibu joto, anajibu njaa, anajibu jirani anayemng'ata mkia. Muda mwingi wa mradi unakwenda kwenye kumwondolea maswali ambayo hukumuuliza.

27 Agosti 2024: Marekebisho ya matangi

Kilichosaidia zaidi ni subira. Tope linatandazwa sentimita 3, sahani inalazwa juu yake, maji yanamiminwa polepole kwenye sahani ili yasilitibue. Kisha tangi linakaa na hewa ndogo, bila samaki, na nusu ya maji inabadilishwa kila siku mpaka amonia ishuke. Ndipo samaki wanaingia. Chakula ni kile kinachoelea, kidogo, na kinachobaki kinaondolewa baada ya dakika kumi.

Tumeongeza pia tangi la tatu la aina yake: tope safi la Ras Dege, lakini maji yamewekwa kloridi ya amonia mpaka kipimo kilingane na cha tangi la Msimbazi siku hiyo. Samaki wa tangi hili wakiumwa sawa na wa Msimbazi, tutajua ni amonia. Ni gharama ya tangi moja na chumvi ya bei ndogo ya maabara, na kama ningeanza mradi huu upya ndilo tangi ambalo ningelinunua la kwanza.

Tulijaribu na mwani wa kijani mpana, Ulva, ule unaojaa kwenye miamba maji yakipwa. Unakula amonia vizuri sana. Tangi lilisafika kwa siku chache. Lakini Ulva hunyonya metali vilevile, kwa hiyo ukiuweka kwenye tangi la kipimo unaondoa ushahidi. Tumeubakiza kwenye tangi la majaribio tu: kama samaki wanapona Ulva ukiwepo, bado hujui kilichoondolewa ni kipi kati ya viwili.

Umeme ulikatika usiku mmoja kuanzia saa tano hadi alfajiri. Tope la Msimbazi linakula oksijeni kwa kasi, na tangi moja halikuvumilia hadi asubuhi. Sasa kila tangi lina pampu ndogo ya betri inayojiwasha umeme ukiondoka. Ukipiga hesabu ya vifaranga, muda na tope lililopotea, pampu hizo ni rahisi.

4 Septemba 2024: Kuwakamata waruka-tope

Mchana huwakamati. Ukikaribia, wameshaingia kwenye shimo au wamevuka dimbwi. Tulikwenda Ras Dege na nyavu za mkono tukarudi na matope mwilini.

Mvuvi mmoja wa pale, mtu mzima, alikuwa anafunga mtumbwi wake akatuangalia kwa muda.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba. Huyo haliwi, mnamtakia nini?”

Tukamweleza habari ya tope na sumu. Akasikiliza, akacheka kidogo. “Sasa wanangu, samaki huyu mnamfuata mchana? Njooni maji yakipwa usiku, na tochi. Atakaa tu hapo anawatazama.”

Ikawa hivyo hivyo. Bamvua la mwezi mwandamo, saa nne usiku, tochi ya kichwani: macho yao yanang'aa juu ya tope, na ukiweka kikombe taratibu juu yake hakimbii. Kwa Selander tuliomba vijana wawili wa pale watusindikize, maana usiku pale si mahali pa kwenda na vifaa peke yenu. Walilipwa posho.

Ndani ya ndoo weka tope lenye mteremko na maji kidogo. Huyu anapumua kwa ngozi na utando wa kinywa akiwa nje. Ukimfungia chini ya maji mengi anakufa. Na funika kwa wavu. Wanapanda ukuta wa plastiki kwa mapezi ya kifuani kama mtu anayepanda ngazi kwa mikono.

30 Septemba 2024: Damu

Siku 28 za matangi zimekamilika, safari hii samaki wakiwa hai pande zote.

Kipimo tulichokitegemea ni cha viini vidogo. Chembe nyekundu ya damu ya samaki ina kiini, tofauti na yetu. Chembe ikigawanyika huku vinasaba vyake vimevunjika, kipande huachwa nyuma na kuonekana kama kidoa pembeni ya kiini kikubwa. Vikiwa vingi kuliko kawaida, kuna kitu kinachoharibu vinasaba. Uzuri wake ni bei: unahitaji kioo cha hadubini, methanoli na rangi ya damu iitwayo Giemsa, na maabara yoyote inayopima malaria kwa hadubini ina vyote vitatu.

Samaki analazwa kwa mafuta ya karafuu. Mafuta hayachanganyiki na maji, yanaelea tu. Changanya kwanza sehemu moja na sehemu tisa za spiriti, kisha mililita 5 za mchanganyiko huo kwa lita 10 za maji. Baada ya dakika chache anageuka ubavu. Anayekwenda kupasuliwa anazidishiwa mafuta mpaka mashavu yasimame kabisa, na huongojwa dakika kumi zaidi.

Vioo vya kwanza vilitudanganya. Hesabu ya viini vidogo ilikuwa juu kila mahali, hata kwa samaki ambao hawajagusa tope lolote, na hilo haliwezekani. Ukikaza macho kwenye lenzi ya mara mia yenye mafuta, vidoa vingine vilikuwa vinang'aa ukizungusha lenzi juu na chini, na vingine vilikuwa nje ya chembe. Ni uchafu wa rangi. Giemsa ilikuwa imekaa muda mrefu baada ya kuchanganywa, na methanoli ilikuwa imevuta unyevu wa Dar es Salaam kwa kuachwa wazi. Dawa yake: chuja Giemsa kwa karatasi siku hiyo hiyo, bafa (maji ya kuchanganyia rangi) ya pH 7.2, methanoli mpya inayofunikwa kila baada ya kuchovya. Kidoa kinahesabiwa tu kama ni cha duara, kiko ndani ya chembe, hakigusani na kiini kikubwa, hakizidi theluthi yake, na kina rangi ileile. Chembe 2,000 kwa kila samaki.

Vioo vimebandikwa namba za siri. Anayehesabu hajui kioo kimetoka tangi gani. Hii haina gharama yoyote, na bila hiyo jicho linaona linachotaka.

21 Oktoba 2024: Ini, nyongo na matumbo yenye matope

Mpango wa kupima EROD, kimeng'enya cha ini kinachopanda samaki akikutana na mabaki ya mafuta na moshi, umeachwa. Ini linatakiwa kugandishwa papo hapo kwenye naitrojeni ya kimiminika na kubaki kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri. Friza ya kawaida inayozimika umeme ukikatika haifai, na naitrojeni ilikuwa inameza fedha za vipimo vingine vyote.

Badala yake tumechukua nyongo. Masalia ya mafuta yaliyosagwa na ini hujikusanya humo na yanang'aa kwenye mwanga maalumu. Yale ya pairini, mojawapo ya kemikali za mafuta na moshi, yanaonekana kwa kumulika mawimbi ya nanomita 341 na kusoma 383. Mitego miwili: samaki aliyekula karibuni ameshamwaga nyongo yake, kwa hiyo afungishwe siku moja hadi mbili, na kifuko cha kifaranga ni kidogo kuliko punje ya mtama, kwa hiyo za tangi zima zinaunganishwa. Ukiunganisha, tangi zima limekuwa sampuli moja. Usije ukahesabu kila samaki.

Kwenye metali, kundi la kwanza lilipelekwa maabara mwili mzima, na majibu yalikuwa makubwa mno. Sababu ilionekana tulipompasua aliyebaki: utumbo umejaa tope jeusi tii. Maabara ilikuwa imepima tope lililomo ndani ya samaki, nasi tukakaribia kuliita metali ya mwilini. Sasa wanakaa saa 48 kwenye maji safi wajisafishe, na tunapeleka nyama na ini peke yake, vimekatwa kwa kisu cha kauri. Maabara inatoza kwa kila metali kwa kila sampuli, kwa hiyo kundi lile lilikuwa hasara kubwa kuliko zote za mradi.

18 Novemba 2024: Tulipofika

Vuli imeanza, mto umejaa, na hakuna kuchota mpaka upungue. Haya ndiyo yaliyopo.

Vifaranga wa tope la Msimbazi wana viini vidogo vingi kuliko wa Ras Dege. Wa tangi la amonia wako karibu na wa Ras Dege, kwa hiyo tofauti hii amonia haiielezi. Matangi ni machache, nisingetaka mtu aibebe habari hii kama hukumu. Nyongo inaelekea huko huko.

Waruka-tope wametupa la kufikiria. Ukichukua uzito kwa gramu, ukagawa kwa urefu wa sentimita uliozidishwa wenyewe mara tatu, kisha ukazidisha kwa 100, unapata kipimo cha unono. Wa Selander ni wanono kuliko wa Ras Dege. Hata baada ya kuwatoa majike wenye mayai, bado. Maji ya vyoo yanarutubisha tope, vijidudu vinajaa, samaki anakula anashiba. Damu yake haisemi hivyo. Mwenye kupima unono peke yake angeandika kwamba mdomo wa Msimbazi ni mahali pazuri pa kufuga.

Samaki asiye na jicho hatujampata. Mapezi yenye kasoro yapo kwa wachache, yamepigwa picha, ila mengine yanaonekana ni majeraha ya kupigana yaliyopona vibaya, na tunatafuta mtu wa kututenganishia.

Kinachofuata, vuli ikipita: tope la kina. Petroli yenye risasi iliachwa Afrika kusini mwa Sahara kuanzia Januari 2006, kwa hiyo risasi ya magari ya zamani huenda imelala chini ya tope la karibuni, na ndiko koleo la mradi wa bonde litakakofika. Bomba la plastiki la inchi tatu linazamishwa, linazibwa juu, linavutwa. Nusu ya tope hilo litaingia kwenye matangi likiwa jeusi, nusu litatandazwa na kupigwa hewa kwanza, yote mawili kwa vifaranga wa kundi moja. Fedha iliyobaki inatosha zinki na risasi tu, kromi itasubiri.